Kabla ya Kumlaumu Aliyeugua Sonona, Tuulize Kazi Yake Ikoje

Mtu akianza kunyong'onyea hapa kwetu Nakuru, akapoteza hamu ya chakula na ya maongezi, akawa haondoki kitandani siku yake ya mapumziko ila kwa kubembelezwa, jamaa zake humuuliza maswali mengi kwa nia njema. Humuuliza kama amekosana na mumewe au mkewe, kama ana deni, kama ameacha kwenda kanisani, kama kuna msiba ambao bado unamkaa moyoni. Ni nadra kusikia akiulizwa kazi yake ikoje: nani humpangia saa zake, msimamizi wake huzungumza naye vipi, mshahara wake huingia tarehe gani, na kama ana usemi wowote juu ya namna anavyoifanya kazi yenyewe. Ilhali mtu aliyeajiriwa hutumia kazini saa nyingi kuliko anazokaa na watoto wake wakiwa macho, na sioni vipi saa hizo zote zipite bila kumwachia alama.

Sonona, yaani ugonjwa wa mnyong'onyeo kama huo, imeingia katika ukoo wetu, ndiyo maana nimeifuatilia kwa muda mrefu. Nimefikia kuamini kwamba uzito wa kazi peke yake humvunja mtu mara chache. Humvunja pale uzito huo unapokutana na kukosa usemi, kukosa malipo yanayolingana na jasho, na kukosa mwenzake wa kumshika mkono.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana watu wengi huuchanganya na uchovu wa mwisho wa mwezi. Uchovu huondoka kwa usingizi mzuri na siku mbili za kupumzika. Sonona haiondoki hivyo. Wahudumu wa afya hutumia hojaji fupi iitwayo PHQ-9, yenye maswali 9, ambayo humuuliza mtu amekuwaje katika wiki 2 zilizopita: kama amekosa raha katika mambo aliyoyapenda, kama amehisi hana thamani, kama usingizi umempotea au umezidi, kama amekosa nguvu, kama ameshindwa kutuliza akili, na kama amewaza kwamba ingekuwa afadhali afe. Hojaji hiyo ilijaribiwa papa hapa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba inafaa kutumika. Nalitaja hilo kwa sababu bado kuna wanaosema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na ya watu wenye nafasi ya kukaa na kuwaza. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, katika taarifa yao ya pamoja ya mwaka 2022, yalikadiria kwamba siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya sonona na wasiwasi uliopita kiasi, na kwamba hasara yake inakaribia dola trilioni 1.

Sasa kazi inahusika vipi? Mwaka 1979 mtafiti mmoja wa Marekani, Robert Karasek, alichunguza takwimu za wafanyakazi wa Marekani na wa Uswidi akaja na wazo ambalo hadi leo ndilo msingi wa utafiti wa aina hii. Alisema tuangalie mambo mawili kwa pamoja: kazi inamdai mtu kiasi gani, na mtu mwenyewe ana uhuru kiasi gani wa kuamua ataifanyaje. Daktari wa upasuaji hudaiwa mengi, lakini ana uamuzi mkubwa mkononi mwake. Mtu aliye hatarini zaidi ni yule anayedaiwa mengi, tena kwa kasi, huku akiwa hana hata uwezo wa kuamua lini anyooshe mgongo. Baadaye, mwaka 1988, watafiti wengine waliongeza jambo la tatu, nalo ni msaada wa wenzako na wa wakubwa wako: mtu anayedaiwa mengi, asiye na uamuzi, na aliye peke yake, huyo yuko pabaya kuliko wote.

Niliposoma wazo hilo kwa mara ya kwanza nililitambua mara moja, kwa sababu kabla sijahamia Nakuru nilifanya kazi misimu kadhaa katika banda la kupangia na kufungia maua huko Naivasha, banda ambalo wafanyakazi huliita pakihausi. Waridi hufika kutoka kwenye nyumba za plastiki likiwa ndani ya ndoo za maji. Unalichukua, unalitoa majani ya chini, unalilaza juu ya meza iliyochorwa mistari ya sentimita ili ujue ni la urefu gani, unageuza kichwa chake kuona kama kina ukungu au jeraha, kisha unaliweka pamoja na ya urefu wake hadi yatimie shada, unayafunga kwa karatasi ngumu, unasawazisha mashina, unasukuma mbele. Humo ndani hupoozwa kwa ajili ya maua, kwa hivyo vidole hufa ganzi mapema, na miguu ndiyo inayobeba siku nzima kwa sababu hakuna kukaa. Kwenye ukuta kulikuwa na ubao mweupe. Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake, na kila saa ilipotimia karani alipita akaandika umefunga mashada mangapi. Aliyefikisha tageti aliandikwa kwa wino wa bluu, asiyefikisha kwa wino mwekundu, na kila aliyeinua macho aliuona wekundu huo. Ruhusa ya kwenda chooni ilikuwa kibao cha mbao, kimoja kwa meza yetu nzima. Kikiwa kimechukuliwa, ulisubiri.

Sitaki mtu adhani kwamba nalalamikia ugumu wa kusimama. Nimelelewa na mama aliyelima shamba la mawe kule Subukia, naye alikuwa akichoka kuliko nilivyochoka mimi. Lakini mama aliamua mwenyewe aanzie mtaro gani, na jua likizidi aliingia kivulini bila kuomba kibao cha mtu yeyote. Pale mezani tulikuwa na ujuzi mwingi ambao haukuwa na pa kwenda. Baada ya miezi michache macho yako huwa yamezoea hata unaweza kusema waridi hili limetoka nyumba ipi, na kwamba nyumba hiyo ina ukungu, na kwamba aliyekata jana alichelewa. Hakuna aliyetuuliza. Nafikiri hilo ndilo lililotuumiza pole pole kuliko baridi: kuwa na akili timamu mahali ambapo akili yako haihitajiki, huku mikono yako ikihesabiwa kila saa.

Januari ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana maua ya tarehe 14 Februari lazima yawe Ulaya kabla ya siku hiyo, na saa za ziada huwa si hiari tena ingawa karatasi husema ni hiari. Mdogo wangu, ambaye alibaki katika kazi hiyo baada ya mimi kuondoka, aliniambia siku moja akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda huko Karagita, bado hajavua buti: "Dada, usingizi ninao, lakini nikilala naota ubao." Nilimwambia apumzike. Ilichukua miezi mingine mingi kabla hajakubali kwenda kumwona mhudumu wa afya, na alipoulizwa maswali yale 9 alijibu "karibu kila siku" kwa mengi yake. Alitibiwa kwa dawa na kwa mazungumzo, na namshukuru Mungu kwamba kuna mhudumu aliyejua anachokitafuta.

Mtu anaweza kusema kwamba mdogo wangu ni mmoja tu, na kwamba pengine sonona ilianza kwanza kisha ndiyo ikamfanya aione kazi kuwa mbaya. Ni swali la haki, na watafiti wamelichukulia kwa uzito. Njia ya kulijibu ni kuwafuata watu kwa miaka, ukianza nao wakiwa wazima, ukaona ni nani anayeugua. Ndivyo ilivyofanyika London kuanzia mwaka 1985, ambapo wafanyakazi wa serikali 10,308 waliandikishwa katika utafiti uitwao Whitehall II chini ya uongozi wa Michael Marmot. Waliokuwa na uamuzi mdogo kazini, madai makubwa na msaada hafifu walionekana kuwa na matatizo zaidi ya akili katika miaka iliyofuata. Katika kundi hilohilo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliofanya kazi saa 11 au zaidi kwa siku walikuwa na uwezekano wa kupata sonona kali unaozidi mara 2 ule wa waliofanya saa 7 hadi 8. Kisha mwaka 2017 watafiti wa Ulaya waliunganisha tafiti 14 zenye watu zaidi ya 120,000. Walipotumia takwimu ambazo hazikuwa zimechapishwa kabla, yaani zile zisizoweza kuwa zimechaguliwa kwa kuvutia kwake, bado walikuta kwamba kazi yenye madai makubwa na uamuzi mdogo iliongeza hatari ya sonona kwa takriban asilimia 27. Hilo si ongezeko la kutisha kwa mtu mmoja mmoja, na wengi wanaofanya kazi za namna hiyo hawaugui kamwe. Lakini ukilitandaza juu ya maelfu ya watu wanaoshuka kwenye mabasi ya mashamba kila alfajiri kandokando ya Ziwa Naivasha, unapata nyumba nyingi zenye mtu anayetazama ukuta.

Tafiti hizo, hata hivyo, zimefanywa kwa kiasi kikubwa kwa watu wenye ajira ya kudumu na mshahara unaofika kwa wakati, na hapo ndipo ninapoona kwamba hali yetu ina uchungu wake wa ziada. Johannes Siegrist, mtaalamu wa Ujerumani, alieleza mwaka 1996 kwamba mtu huugua pale anachotoa kinapozidi mno anachopokea, na katika kupokea hakuhesabu fedha pekee, bali pia heshima na uhakika wa kubaki kazini. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mkono mtupu haulambwi. Chukua kibarua ambaye kila Jumamosi hajui kama Jumatatu ataitwa. Chukua mwalimu wa shule ya kibinafsi ambaye mshahara wa Machi huupokea Mei, na kwa miezi hiyo miwili humwambia mwenye nyumba uongo uleule kwa sauti ileile ya upole. Kuchelewa kwa mshahara tumekuzoea hata hatukuhesabu tena kuwa hali ya kazi, tunakuona kama mvua inayochelewa, ilhali ni uamuzi wa mtu aliyeketi ofisini, naye anajua anachokifanya. Aibu ya kukopa unga dukani huku umeajiriwa hukata kitu ndani ya mtu ambacho hakiunganishwi na malimbikizo yakija.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya muda usiopungua mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kwisha kabla ya miezi 3, ahesabiwe kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi na haki zinazoambatana nao. Ndiyo maana utawaona watu wakisimamishwa siku chache kabla ya muda kutimia, kisha wakaitwa upya kana kwamba ni wageni. Mwajiri huona kwamba ameokoa gharama. Gharama haikupotea, imehamia kwa mama wa mtu, kwa dada wa mtu, na kwa zahanati ya mtaa.

Walinzi wa usiku nao wanastahili kutajwa. Mbele ya karibu kila duka kubwa, benki na lango la mtaa hapa mjini pana mtu aliyevaa koti zito kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, mara nyingi siku 6 kwa wiki. Amri ya mishahara ya sekta ya ulinzi ya mwaka 1998 iliweka wiki ya kawaida kuwa saa 52. Ukizidisha 12 kwa 6 unapata 72. Mlinzi hulala mchana ndani ya chumba cha mabati chenye joto, watoto wakicheza nje, redio ya jirani ikiimba, na kwa miaka mwili wake hauupati usingizi ambao umeumbwa kuupata gizani. Usingizi uliovurugika huifungulia sonona mlango, na sonona nayo huzidi kuuvuruga usingizi. Mlinzi pia yuko peke yake, na akipatikana amesinzia hukatwa mshahara au hufukuzwa, kwa hivyo hata kusema "nimechoka" ni kujihatarisha.

Najua jibu ambalo huwa linatolewa hapa: kazi mbi si mchezo mwema, na barabarani kuna vijana wengi ambao wangeishukuru nafasi hiyo. Silidharau jibu hilo. Kukosa kazi huumiza akili, na jambo hilo limejulikana tangu miaka ya 1930, wakati Marie Jahoda na wenzake walipokwenda katika kijiji cha Marienthal nchini Austria baada ya kiwanda chake cha nguo kufungwa. Walikuta watu wenye muda wote duniani ambao walikuwa wameacha hata kuazima vitabu maktabani, na wanaume waliotembea pole pole barabarani bila pa kwenda. Aliyepita Webuye baada ya kiwanda cha karatasi kusimama mwaka 2009 hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini haifuati kwamba kazi yoyote ni dawa. Utafiti wa Peter Butterworth na wenzake nchini Australia, uliochapishwa mwaka 2011, uliwafuata watu waliotoka katika ukosefu wa ajira wakaingia kazini. Walioingia katika kazi nzuri, hali yao ya akili iliimarika. Walioingia katika kazi mbaya kabisa, zenye madai makubwa, uamuzi mdogo, malipo yasiyo ya haki na wasiwasi wa kufukuzwa, hali yao ilizorota kuliko ya wale waliobaki bila kazi. Methali inamhimiza mtu asikae bure, na ni himizo jema. Haimpi mwajiri ruhusa ya kuifanya kazi iwe mbaya.

Sitaki pia kuwasifu kupita kiasi wanaojiajiri, kana kwamba uhuru huponya kila kitu. Wanawake wanaouza mboga katika soko la Wakulima hapa Nakuru huamka kabla ya adhana ya alfajiri, na sukuma wiki isiyonunuliwa leo huwa majani ya mbuzi kesho. Hata hivyo nimeona kitu pale ambacho sikukiona kwenye meza ya waridi. Mwanamke asipoonekana kwenye nafasi yake kwa siku mbili, aliye kando yake humpigia simu, na siku ya tatu watu wa chama chake hufika mlangoni. Bidhaa zake huuzwa na mwenzake, na fedha humfikia. Huo ndio msaada ambao watafiti waliuongeza kwenye wazo la Karasek. Pakihausi yetu ilikataza kuzungumza mezani wakati wa kazi, na waliotunga kanuni hiyo bila shaka walifikiri tu juu ya kasi.

Kuna jambo moja ambalo wanawake hulisema kwa sauti ya chini, nalo ni msimamizi anayetaka kulipwa kwa mwili ili akupangie zamu nzuri au akuandike tena msimu ujao. Sheria ileile ya Ajira, kifungu cha 6, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Sera iliyobandikwa nyuma ya mlango wa afisi ya msimamizi huyohuyo haimsaidii mtu. Mwanamke anayeishi na tishio hilo kila siku, halafu akaambiwa na nduguze kwamba ana huzuni isiyo na sababu, amedhulumiwa mara mbili.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini inataka wasimamizi wafundishwe kutambua dalili na kuzungumza na watu wao, na inataka hali zenyewe za kazi zirekebishwe, badala ya mfanyakazi kufundishwa tu kuvumilia. Naona waajiri wetu wengi hupenda hilo la kufundisha kuvumilia tu: humwalika mzungumzaji mara moja kwa mwaka, watu wakapewa soda na fulana, wakarudi kwenye tageti ileile. Ubao wa pale nilipofanya kazi uliondolewa, na haukuondolewa na mzungumzaji. Uliondolewa na meneja mpya aliyeamua kwamba hesabu iwe ya meza nzima kwa siku, na wanawake wa kila meza wajipangie wenyewe nani apime, nani afunge na nani apumzishe miguu. Kibao cha chooni kilikwenda pamoja nao. Mdogo wangu bado yuko pale, na anasema kwamba sasa Januari ni ngumu kama kazi nyingine ngumu.

Kwa aliye katika hali hiyo leo na ambaye meneja wake hajabadilika, kuna mambo machache ya kushika. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo kazini likizo ya ugonjwa, siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara katika kila kipindi cha miezi 12, ili mradi awe na cheti cha daktari aliyehitimu, na kifungu hicho hakisemi kwamba ugonjwa lazima uwe wa tumbo au wa kifua. Kifungu cha 27 kinadai siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanyakazi wana wawakilishi wao ndani yake. Kamati hizo huzungumzia glavu, dawa za kunyunyiza na vizimamoto. Zinaweza kuzungumzia zamu, tageti na namna msimamizi anavyowatukana watu, na mwakilishi anayetaka kulianzisha hilo anaweza kuanza kwa kuomba liandikwe kwenye ajenda ya mkutano ujao, likiwa na majina ya meza zinazohusika na saa zilizofanywa.